Mashujaa Watani wa Keith Giffen

Kazi yangu ni kutunga hadithi za picha za kuchekesha, na mtu aliyenifundisha kuliko wote katika kazi hiyo sikuwahi kumtia machoni. Aliitwa Keith Giffen. Alizaliwa New York mwaka 1952, akafariki Oktoba 2023 akiwa na miaka 70. Alichora na kutunga mengi mno, kiasi kwamba watu wanazijua kazi zake bila kulijua jina lake. Yule mnyama mdogo mwenye bunduki kubwa, Rocket Raccoon, ambaye siku hizi yuko kwenye filamu na kwenye mabegi ya shule, Giffen ndiye aliyemwanzisha pamoja na Bill Mantlo mwaka 1976. Lobo, mbabe wa angani anayewinda watu kwa malipo, alimwanzisha na Roger Slifer mwaka 1983. Jaime Reyes, kijana aliyerithi jina la Blue Beetle na ambaye filamu yake ilitoka Agosti 2023, ni wake pia, akishirikiana na John Rogers na Cully Hamner.

Mimi nilimfahamu kupitia kazi nyingine. Wauza vitabu vya mitumba wa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, walikuwa wakitandaza bidhaa zao kando ya njia, riwaya huku, vitabu vya uhasibu kule, na mara mojamoja katikati yake unakuta katuni ya Kimarekani. Iliyonisimamisha ilikuwa Justice League, hadithi ya timu ya mashujaa iliyotungwa na Giffen na wenzake, toleo la kwanza, la mwaka 1987, na kilichonisimamisha ni jalada. Mashujaa wamebanana bega kwa bega, wote wameinua macho wanakutazama wewe uliyewashika mkononi, na Guy Gardner, mwenye pete ya kijani, anakuuliza kama una neno la kusema. Hakuna anayeruka, hakuna anayepiga ngumi. Ni nyuso tu, na kila uso una mambo yake: huyu anajidai, huyu kachoka, huyu angependa kuwa mahali pengine. Aliyelichora ni Kevin Maguire, na tangu hapo wachoraji wengi wameliiga. Nililinunua bila kuuliza bei mara mbili.

Ili uelewe kwa nini timu ile ilikuwa ya vichekesho, lazima ujue iliundwaje. Miaka ile kampuni ya DC ilikuwa inawaanzisha upya mashujaa wake wakubwa. Superman alikuwa mikononi mwa John Byrne, Wonder Woman mikononi mwa George Pérez, na wahariri wao hawakutaka mtu mwingine awaguse. Giffen, mwenzake J.M. DeMatteis na mhariri wao Andy Helfer walipewa timu yenye jina kubwa kuliko zote, kisha wakanyimwa karibu watu wote waliolijenga jina hilo. Batman walimpata kwa hisani ya mhariri wake, Denny O'Neil. Waliobaki ndio waliokuwa hawagombewi na mtu.

Nao walikuwa hawa. J'onn J'onzz, mtu wa Mirihi, aliyepoteza watu wake wote na sasa faraja yake ni biskuti za Oreo. Ted Kord, yaani Blue Beetle wa wakati huo, fundi asiye na nguvu yoyote ya ajabu ila akili yake na mitambo aliyoiunda mwenyewe. DC ilimpata pamoja na wenzake kutoka kampuni ya Charlton mwaka 1983. Booster Gold, kijana wa karne ya 25 aliyekuja zama zetu kutafuta umaarufu na mikataba ya matangazo. Mister Miracle, bingwa wa kujifungua minyororo. Guy Gardner, mbabe mwenye mdomo. Baadaye wakaingia Fire wa Brazil na Ice wa Norway, na Mrusi mmoja wa enzi za Sovieti aliyevaa chuma chekundu, mtu mwema kupita kiasi. Nyuma yao kulikuwa na mfanyabiashara, Maxwell Lord, anayewaendesha kama timu ya mpira yenye madeni.

Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo bado nalitumia kila tunapoanza hadithi mpya: mhusika ambaye hakuna anayemlinda ndiye unayeweza kumfanyia kazi ya kweli. Superman hawezi kunenepa. Hawezi kuishiwa, hawezi kukataliwa na mwanamke mbele ya watu, hawezi kuonewa wivu na rafiki yake, kwa sababu kesho kuna mtu anamhitaji akiwa safi. Ted Kord anaweza yote hayo, na yalimpata yote. Kadiri yalivyompata ndivyo nilivyozidi kumpenda.

Mimi na wenzangu wawili tunachora katuni ya mashujaa wa Ngamiani, mtaani kwetu Tanga. Kuna fundi baiskeli anayenyanyua lori kwa mkono mmoja lakini hawezi kumdai mteja. Kuna mama lishe ambaye ukila wali wake husemi uongo mpaka jua lizame. Kuna mpiga debe mwenye sauti ya kupasua vioo. Kuna mwalimu mstaafu anayeona mambo ya kesho, ila ya asubuhi tu. Yakishafika ya adhuhuri, giza. Hatukuwatoa mbali. Ni watu ambao hakuna aliyefikiria kuwavalisha joho, na kwa hiyo walikuwa huru, tukawachukua.

Lakini somo kubwa zaidi lilikuwa kwenye namna kazi yenyewe ilivyofanyika, na hapa naomba nikae kidogo.

Giffen alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtunzi. Hakukaa akaandika hadithi kwa maneno matupu. Alichukua karatasi akachora ukurasa mzima kwa skechi za haraka, boksi kwa boksi: nani kasimama wapi, nani anamtazama nani, mlango uko upande gani, na maneno ya muda tu ili kisa kieleweke. Ukurasa wa maboksi tisa, matatu kwa matatu, aliupenda sana, kwa sababu maboksi yakilingana jicho linatembea kwa mwendo mmoja na mzaha unatua pale ulipopangwa utue. DeMatteis aliandika mazungumzo yenyewe, na alikuwa huru kuyatupa maneno yote ya Giffen na kuweka yake. Maguire alizichukua skechi akazifanya watu. Giffen hakumwambia yeyote kati yao, hii ni yangu, usiiguse. Alikabidhi kitu kizima huku akijua kitarudi kimebadilika, na alitaka kibadilike.

Watu husoma majina matatu kwenye ukurasa wa kwanza wakadhani ni mgawanyo wa kazi tu, kama wa kiwandani. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Vichekesho vya timu ile vinaaminika kwa sababu kwenye meza walikuwa watu watatu kweli. Booster Gold akisema jambo na Blue Beetle akamjibu kwa jambo ambalo msomaji hakulitarajia, ujue hata aliyeandika la kwanza hakulitarajia. Mtu mmoja akikaa peke yake kujitania, mara nyingi anajua jibu kabla hajauliza swali, na msomaji ananusa.

Sisi tunakutana usiku kwenye kibaraza cha mchoraji wetu, baada ya Isha, na muuza kahawa akipita tunamsimamisha. Mimi naleta skechi. Majuzi nilileta ukurasa ambao fundi baiskeli amerudi kutoka mtoni alikokwenda kuliinua basi lililotumbukia. Kalowa, kachoka, matope mpaka magotini. Kwenye kibanda chake kuna mteja kaketi kwenye benchi. Katika skechi yangu mteja anasimama na kusema: "Fundi! Umeokoa watu arobaini!"

Dada yetu anayeandika mazungumzo aliutazama ukurasa, akakata kipande cha kashata, akaniambia, "Kaka, huyu mteja hajasikia habari ya basi. Yeye anachojua, aliambiwa aje saa kumi." Akaifuta sentensi yangu, akaandika: "Fundi, saa kumi na mbili hii."

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Kisa kizima kiligeuka hapo hapo. Tena fundi nilikuwa nimempa jibu zuri, na mchoraji akaliondoa nalo. "Hapa asiseme kitu, kaka. Niachie mimi." Akamchora fundi akiinama kuchukua spana, kimya, maji yanamdondoka puani, na kwenye uso wake kuna aibu ya mtu aliyechelewesha kazi ya watu. Aibu ya kweli. Kaokoa watu arobaini na anaona haya kwa ajili ya tairi moja. Hakuna neno ningeweza kuandika likafika pale.

Kama ungependa kuona jambo hilo hilo likifanywa na mabingwa, tafuta toleo la tano la mwaka ule ule wa 1987. Guy Gardner, ambaye tangu mwanzo anadai uongozi ni haki yake, anamchokoza Batman, anavua pete ili wapigane kiume. Batman anampiga ngumi moja. Moja tu, Guy yuko chini. Wengi wanaikumbuka ile ngumi, na ni kweli ni ya kukumbukwa, lakini mimi nakuomba utazame yanayofuata. Blue Beetle anacheka kwa furaha ya mtoto, anarudia kwamba ni ngumi moja tu. Halafu anaingia Black Canary, mwanamke wa timu hiyo hiyo, mtu aliyekuwa na hamu kuliko wote ya kuona Guy akitiwa adabu, na hakuona. Alikuwa nje. Huzuni yake kwa kulikosa lile tukio ndiyo inayokimaliza kisa. Giffen alijua kwamba pigo ni la sekunde moja, ila nyuso za walioliona na asiyeliona zina hadithi nzima, na alikuwa na Maguire wa kuzichora.

Mambo mengine ya timu ile nayapitia upesi, ingawa kila moja lingetosha mazungumzo ya usiku mzima. Blue Beetle na Booster Gold walichukua fedha za timu wakafungua kasino kwenye kisiwa, na kisiwa kikaonekana ni kiumbe hai, kikaondoka na majengo yao. Kundi dogo la wenzao lilipelekwa Ulaya, likapewa ofisi Paris, na kwa kuwa hawajui Kifaransa wakajiandikisha darasa la jioni. Darasani wakakuta wamekaa na wahalifu waliowahi kupigana nao, nao wamekuja kujifunza. Nguvu za ajabu hazimsaidii mtu na vitenzi vya Kifaransa. Wahalifu hao hao baadaye wakafanywa tawi la timu, wakapelekwa Antaktika. Vita karibu vyote vya timu ile vimenitoka kichwani, lakini darasa la Kifaransa nalikumbuka kiti kwa kiti.

Nimekulia kwenye utani, na naamini ndiyo sababu hadithi hizi ziliniingia haraka namna ile. Kwetu mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako mchana kweupe, nawe huna pa kushtaki. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani wanaotupiana maneno ambayo mtu baki akiyatamka ataondoka na jeraha. Lakini ruhusa hiyo ina gharama: siku ya shida, mtani ndiye wa kwanza mlangoni. Mtu asiyekuja kwenye msiba wako hana haki ya kucheka pua yako.

Giffen na DeMatteis waliilipa gharama hiyo. Mwaka 1990, katikati ya mizaha, walimrudisha Despero, adui wa zamani, na Adam Hughes ndiye aliyezichora kurasa zile. Wazazi wa msichana Gypsy, aliyewahi kuwa mwanachama wa timu, wanauawa nyumbani kwao. Mashujaa tuliozoea kuwaona wakigombania friji wanapigwa mmoja baada ya mwingine, na hawakimbii. J'onn J'onzz, yule yule wa biskuti, ndiye anayekwenda kulimaliza, na analimaliza kwa kujitoa akili na roho. Mara ya kwanza nilipozisoma kurasa hizo nilikaa nazo muda mrefu. Hapakuwa na mzaha, na palikuwa na ugumu wa kuvumilia kwa sababu miaka mitatu ya mizaha ilikuwa imenifanya niwajue wale watu kwa majina ya nyumbani. Mtunzi anayedhani kichekesho ni kitu chepesi asome matoleo yale.

Tangu hapo nimeshika jambo moja katika timu yetu, na silegezi: hatumchekeshi mtu ambaye hatuko tayari kumlilia. Mara mbili tatu tumeletewa wazo zuri la kuchekesha kuhusu mhusika fulani, watu wamecheka, nikauliza kama kuna anayempenda huyo mtu, pakawa kimya. Wazo likaachwa. Naona wachekeshaji wengi wanaanza na aibu ya mtu kabla hawajamjua mtu mwenyewe, na hilo linaniuma.

Awamu ile ilikwisha mwaka 1992. Mwaka 2003 watu wale wale watatu, Giffen, DeMatteis na Maguire, walirudi na hadithi fupi, Formerly Known as the Justice League, mashujaa wakiwa wamezeeka kidogo na wamefungua ofisi kwenye jengo la maduka, namba ya simu inatangazwa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata ilipata Eisner, tuzo kubwa ya katuni ya Marekani, ya chapisho bora la vichekesho. Kisha mwaka 2005, katika hadithi ya watunzi wengine, Ted Kord aliuawa kwa risasi na Maxwell Lord, bosi wake wa zamani. Mimi sikukubaliana na uamuzi huo na sikubaliani nao leo. Si kwamba shujaa wa kuchekesha hapaswi kufa. Ni kwamba Maxwell wa Giffen alikuwa laghai mwenye moyo, mtu aliyewatumia watu wale mpaka akajikuta anawapenda, na safari hiyo yote ilifutwa kwa boksi moja. Hata hivyo, majonzi ya wasomaji yalinifunza kitu. Walimlilia fundi mnene anayejitania, tena kwa miaka, na Booster Gold katika hadithi zake mwenyewe alirudi nyuma katika wakati kwenda kumtafuta rafiki yake. Wapo mashujaa wakubwa waliokufa na kufufuka mara kadhaa bila kuliliwa hivyo.

Giffen mwenyewe alikufa kwa kiharusi, siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya katuni ya New York. Alikuwa ameacha ujumbe, na ukatolewa baada ya kifo chake: kwamba aliwaambia anaumwa, na kwamba mtu atafanya lolote ili asiende kwenye maonyesho hayo. Akamaliza kwa kile kicheko chake cha "bwah ha ha" ambacho kilikuwa alama ya timu yake. Niliusoma nikacheka kwa sauti, kisha nikashindwa kuendelea na kazi siku ile.

Kuna walioona si adabu kufanyia kifo mzaha. Mimi nimemzika babu yangu mbele ya watani. Mmoja aliingia kaburini kabla ya mwili, akajilaza, akasema hapa ni pake na mzee atafute pengine, hatoki mpaka alipwe. Baba yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, alitoa noti mfukoni huku akicheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa mtoto, na nililiona hilo kwa macho yangu. Ndiyo maana ujumbe wa Giffen haukunishangaza hata kidogo.

Anayetaka kuanza, aanze na matoleo saba ya kwanza ya 1987, aende polepole, atazame nyuso kabla ya kusoma maneno. Halafu aruke hadi kwa Despero. Kisha ile ya 2003.

Mwaka jana yule mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, ambaye tulimchukua umbo, fimbo na namna yake ya kukohoa kabla ya kusema jambo, alifariki. Alikuwa anajua kwamba ni yeye. Kila toleo alilidai la kwanza. Baada ya matanga tulikwenda watatu kwa mjane wake kumuuliza kama tumwondoe kwenye hadithi kwa heshima. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Msimuue, wanangu," akasema. "Mkishaniulia huyo nitabaki na nani? Ila suruali mrefusheni. Mlikuwa mnamchora kifundo kiko nje, na mzee wangu hakuwahi kuvaa suruali fupi."

Toleo lijalo anaonekana ukurasa wa kwanza, suruali imefika chini kwenye viatu, anawaambia wenzake mambo yote yatakayotokea kesho mpaka saa sita kasoro dakika moja.